Msimtoze Rubani kwa Kutua: Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani

Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu ya Baraza la Wawakilishi, na wa Kamati ya Biashara, Sayansi na Uchukuzi ya Seneti, Washington.

Waheshimiwa,

Septemba 2011 Rais Barack Obama aliwaletea mpango wa kupunguza nakisi ya bajeti. Ndani yake mlikuwa na pendekezo fupi ambalo liliwanyima usingizi wenye ndege ndogo nchi nzima: kila ndege itakayoruka katika anga inayoongozwa ilipe dola 100 kwa kila safari. Serikali ilikadiria kwamba tozo hiyo ingeingiza dola bilioni 11 katika miaka 10. Bunge lililikataa. Pendekezo likarudi katika bajeti kadhaa zilizofuata, na kila liliporudi lilikataliwa.

Halikuwa la kwanza wala la mwisho. Mwaka 2007 serikali ya George W. Bush ilitaka kodi ya petroli ya ndege ipande kutoka senti 19.4 kwa galoni hadi senti 70.1, huku mashirika ya ndege yakiingizwa kwenye mfumo wa tozo. Seneti nayo ikaja na wazo lake la dola 25 kwa safari, likizilenga pia ndege binafsi za injini za tabaini. Kwa sababu ya mivutano hiyo na mingine, sheria ya usafiri wa anga iliongezewa muda wa dharura mara 23 kabla ya sheria mpya kutiwa saini Februari 2012. Kisha mwaka 2016, na tena 2017, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya uchukuzi, Bill Shuster, alipendekeza uongozaji wa ndege utolewe serikalini na kukabidhiwa shirika litakalojiendesha kwa tozo. Februari 2018 alikiri kwamba hana kura za kutosha, akaliweka kando.

Sheria inayotumika sasa ilitiwa saini Mei 2024, na muda wake unakwisha tarehe 30 Septemba 2028. Kati ya leo na siku hiyo mtakaa tena mezani kuuliza fedha zitoke wapi, na safari hii shinikizo ni kubwa. Mitambo ya kuongozea ndege imezeeka. Mwaka 2025 mliidhinisha dola bilioni 12.5 za kuanza kuibadilisha, na serikali imeshasema kiasi hicho hakitoshi. Fedha zinapopungua, wazo la tozo kwa kila safari hufufuka. Ndiyo maana barua hii inaandikwa sasa, kabla mswada haujaanza kuchapwa.

Kwanza aelezwe vizuri huyo atakayetozwa. Anapotajwa mwenye ndege, wengi huona picha ya bilionea akipanda ngazi za jeti nyeupe. Wenye jeti hizo wapo, na wana mawakili wa kuwasemea. Lakini ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko zote duniani ni Cessna 172, yenye viti vinne na injini moja ya pistoni, ambayo ilianza kufika kwa wateja mwaka 1956. Zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000. Nyingi zinazoruka leo zina umri mkubwa kuliko marubani wake, na iliyotumika inaweza kununuliwa kwa bei isiyofikia ya trekta jipya la shamba kubwa. Mara nyingi humilikiwa kwa ubia: mwalimu, fundi umeme, muuguzi na mstaafu wa jeshi wanachanga fedha za matengenezo na kugawana siku za kuruka. Marekani ina viwanja vya ndege vipatavyo 5,000 vilivyo wazi kwa umma, na mashirika makubwa ya ndege huhudumia takribani 500 tu kati yake. Vinavyobaki vinaishi kwa watu hao.

Wao pia hulipa. Mwaka 1970 Bunge lenu lilianzisha mfuko maalumu wa viwanja na njia za anga. Abiria wa shirika la ndege huuchangia kwa kodi ya asilimia 7.5 ya nauli, pamoja na ada ya kila kipande cha safari. Mwenye ndege ndogo huuchangia kwenye pampu: senti 19.4 katika kila galoni ya petroli ya ndege, na senti 21.9 katika kila galoni ya mafuta ya jeti kwa safari zisizo za kibiashara. Hapelekewi ankara, hafunguliwi faili la deni, wala hakuna ofisi ya makarani wa kuhesabu nani aliruka lini. Anayeruka sana hulipa sana. Anayerusha ndege nzito, inayochukua nafasi kubwa angani na kunywa mafuta mengi, hulipa zaidi.

Sasa zipigwe hesabu. Cessna 172 hunywa galoni 8 hivi kwa saa, kwa hiyo kodi yake kwa saa moja ni kama dola 1 na senti 55. Kwa dola 100 za tozo, rubani wake angeweza kulipia kodi ya mafuta ya saa 64 za kuruka, na wamiliki wengi hawafikishi saa hizo kwa mwaka mzima. Ichukuliwe pia Cessna Caravan ya mtu binafsi, ndege ya injini moja ya tabaini, ile ile ambayo Waafrika Mashariki huiona kila siku ikipeleka watalii Serengeti na Maasai Mara. Ikiruka nusu saa itatumia galoni 25 hivi na kulipa kodi ya kama dola 5 na nusu. Jeti kubwa ya kampuni ikitoka New York hadi Los Angeles itachoma galoni 2,000 au zaidi na kulipa dola 430 na kitu. Mfumo wa kodi ya mafuta umezitofautisha ndege hizi mbili karibu mara 80. Chini ya tozo ya 2011 kila moja ingelipa dola 100 zile zile. Hata kivuko cha Kigamboni, pale Dar es Salaam, hakimtozi mwenye baiskeli sawa na mwenye lori.

Watetezi wa tozo watasema kwamba ndege ndogo zilisamehewa. Ni kweli, na msamaha huo unastahili kutazamwa kwa makini. Mpango wa Septemba 2011 ulisamehe ndege za jeshi na za serikali, za kubeba wagonjwa, zinazoruka nje ya anga inayoongozwa, na ndege za pistoni za burudani. Neno hilo la mwisho lilizua wasiwasi mara moja. Daktari wa mifugo anayeruka kwa ndege yake ya pistoni kutoka ranchi moja hadi nyingine, je, anajiburudisha? Na mkulima anayefuata kipuri mji wa pili wakati wa mavuno? Januari 2012 Ikulu ikatoa ufafanuzi kwamba ndege zote za pistoni zingesamehewa. Wenye ndege walishukuru, lakini waliona pia jinsi mstari ulivyohamishwa kwa kalamu moja ndani ya miezi minne. Uliohamishwa upande mmoja unaweza kuhamishwa upande wa pili, hasa mwaka ambao mapato yamepungua. Mashine ya kutoza ikishajengwa, kiwango na orodha ya waliosamehewa hubaki kuwa suala la bajeti tu.

Tena hiyo “anga inayoongozwa” si kipande kidogo kuzunguka viwanja vikubwa. Katika sehemu kubwa ya Marekani huanza futi 700 au 1,200 tu juu ya ardhi. Rubani anayepita huko kwa kuona kwa macho, siku ya jua, bila kuzungumza na mtu yeyote, kisheria yumo ndani yake. Pendekezo halikueleza kwa ufasaha kama yeye angehesabiwa.

Hata hivyo, Waheshimiwa, fedha si kiini cha barua hii. Kiini ni usalama, na hapo ndipo tofauti ya kodi ya mafuta na tozo ya safari inapokuwa suala la uhai.

Kanuni zenu zinasema rubani hawezi kubeba abiria kama hajapaa na kutua walau mara 3 katika siku 90 zilizopita. Anayetaka kuingia mawinguni kwa kutegemea vyombo lazima, ndani ya miezi 6, awe amekaribia viwanja kwa kufuata vyombo mara 6. Hivyo ni viwango vya chini kabisa. Mkufunzi yeyote makini atamwambia mwanafunzi wake kwamba mara 3 hazitoshi, kwamba kutua kwenye upepo wa ubavuni ni ustadi unaochuja kama chai iliyosimama, na kwamba Jumamosi asubuhi ya kuzunguka uwanja, kugusa ardhi, kupaa na kugusa tena ndiyo bima ya kweli ya familia itakayopanda ndege hiyo mwezi ujao. Saa moja ya mazoezi hayo, chini ya kodi ya mafuta, hugharimu kodi ileile iwe umetua mara 1 au mara 8. Ukitoza kila safari au kila kutua, umeweka bei juu ya kitendo chenyewe cha kujifunza. Watu wataendelea kuruka, lakini watafanya mazoezi machache.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye redio. Rubani anayeruka kwa kuona anaweza kumwomba mwongoza ndege amfuatilie kwenye rada na kumwonya kuhusu ndege za jirani. Hali ya hewa ikianza kufunga, mwenye leseni ya kuruka kwa vyombo anaweza kuomba ruhusa na kupanda juu kwa utaratibu, badala ya kujibana chini ya mawingu akitafuta njia kati ya vilima. Kuendelea kuruka kwa macho hadi ndani ya mawingu ni miongoni mwa makosa yanayoua zaidi katika ndege ndogo, na hilo linajulikana kwa kila mchunguzi wa ajali. Msaada huo leo ni bure wakati wa kuuomba, kwa sababu umeshalipiwa kwenye pampu. Ukiuwekea ankara, kuna rubani mmoja, jioni moja, atakayeangalia mawingu na kujiambia kwamba labda atapita. Hakuna kamati itakayokaa kuandika kwamba aliuawa na tozo.

Msomaji wa Nairobi, Mwanza au Bunia anaweza kuuliza mambo haya ya Marekani yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Vijana wa Afrika Mashariki wanaosomea urubani wamekuwa wakipelekwa na wazazi wao kwenye shule za Marekani, Florida na Texas miongoni mwa majimbo, kwa sababu petroli ya ndege huko ni nafuu kuliko nyumbani na viwanja vingi vidogo havidai chochote kwa kutua. Familia huuza kiwanja, hukopa, huchanga ukoo mzima. Ada ya saa moja ikipanda kwa sababu ya tozo ya kutua, inayokatwa ni ndoto ya mtu aliye mbali kabisa na kura zenu. Kisha kuna eneo la Ituri, mashariki ya Kongo, ambako barabara ni mbovu na vita haviishi. Huko husaidia ndege za MAF, shirika la kimisheni lililoanzishwa Marekani mwaka 1945 na marubani waliotoka vitani, Betty Greene akiwa mmoja wao. Kituo chake cha Marekani kiko Nampa, Idaho. Ustadi wa kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo, ukiwa na mgonjwa nyuma na mvua mbele, haujengwi kwenye jeti ya abiria. Hujengwa kwenye ndege ndogo, na kwa kurudia.

Hilo linawagusa pia abiria wenu wa kawaida. Februari 2009 ndege ya Colgan, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, na watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Familia za waliofariki hazikuchoka kuja kwenye kumbi zenu, na mwaka 2010 mlipitisha sheria iliyoleta sharti la saa 1,500 kwa rubani wa kawaida wa shirika la ndege, hata akiwa msaidizi. Ukimwondoa aliyetoka jeshini na wachache wanaopewa nafuu kwa njia ya vyuo, kijana hupata saa hizo akifundisha wengine kwenye ndege za viti vinne, akivuta mabango juu ya fukwe, akipiga picha za mabomba ya mafuta. Ninyi ndio mliomwambia aende akakusanye saa 1,500. Kumtoza kila anapotua wakati anatii amri yenu ni kuipandisha bei ya usalama mlioudai kwa niaba ya wale 50.

Wapo pia marubani ambao hutoa ndege na muda wao bila malipo, wakiwasafirisha wagonjwa wa vijijini hadi hospitali za mbali kupitia vikundi vya kujitolea kama vile vya Angel Flight. Msamaha wa 2011 ulitaja ndege za kubeba wagonjwa, lakini mtu anayejitolea kwa ndege yake mwenyewe ya tabaini hakutajwa. Tangu 1992 chama cha wapenda ndege cha EAA kimekuwa kikiwarusha watoto na vijana bure katika mpango uitwao Young Eagles, na zaidi ya milioni 2 wamekwishapanda, wakirushwa na wanachama wanaojilipia mafuta. Huwezi kuongeza tozo juu ya hisani na kutegemea hisani ibaki ilivyo.

Sasa kuna tozo nyingine inayoingia kwa mlango wa nyuma, na hii haikusubiri bajeti ya rais.

Tangu 1 Januari 2020, ndege inayotaka kuingia katika anga yenye shughuli nyingi Marekani lazima iwe na kifaa cha ADS-B, ambacho hutangaza kila sekunde mahali ndege ilipo, kimo chake na mwendo wake. Wamiliki waliambiwa ni kwa ajili ya usalama, nao wakakubali. Kukifunga kifaa kuliwagharimu maelfu ya dola. FAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa anga, iliwarudishia dola 500 wale wa kwanza kuitikia, ili kuwatia moyo. Leo baadhi ya viwanja, vya Florida vikiwemo, vimeingia mikataba na kampuni zinazonasa matangazo hayo, kusoma namba ya ndege, kumtafuta mmiliki kwenye daftari la serikali na kumpelekea ankara ya kutua. Kifaa alichonunua ili asigongwe kimegeuzwa mita ya kumdai.

Viwanja vina hoja, na isidharauliwe. Vingine vimelemewa na shule za urubani zinazogusa na kupaa kutwa nzima. Lami inachakaa, majirani wanalalamika kelele, na mapato ya manispaa hayatoshi. Lakini vina njia nyingine za kupata fedha ambazo hazigusi kitufe cha usalama: ada ya mafuta yanayouzwa uwanjani, kodi ya mabanda na ardhi, makubaliano na shule zenyewe kuhusu saa na idadi ya ndege. Njia ya ADS-B inapendwa kwa urahisi wake, kwa kuwa kampuni hukusanya na uwanja hupokea.

Usiku wa 29 Januari 2025, karibu na uwanja wa Reagan, kilomita chache kutoka mnapokaa, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana, na watu 67 walipoteza maisha. Helikopta ile haikuwa ikitangaza mahali ilipo kwa ADS-B. Wengi kati yenu mmesema tangu siku hiyo kwamba kila chombo kinapaswa kutangaza. Mko sahihi kabisa. Basi msiruhusu ankara iwe sababu ya mtu kutamani kukizima kifaa hicho. Jimbo la Montana lilishalitambua hilo mwaka 2025 lilipopiga marufuku kutumia taarifa za ADS-B kukusanya ada, na mwaka huohuo Seneta Ted Budd na Mwakilishi Bob Onder waliwasilisha kwenu mswada wenye lengo hilo kwa nchi nzima.

Kuna takwimu ambayo kila mtetezi wa tozo huibeba, nayo ni haki ijibiwe. Mwaka 2007 FAA ilisema ndege zisizo za mashirika husababisha takribani asilimia 16 ya gharama za uongozaji na kuchangia kama asilimia 3 ya kodi. Mwaka 2012 Ikulu nayo ilisema kwamba ndege kubwa ya abiria kati ya Los Angeles na San Francisco hulipa kodi ya mafuta zaidi ya mara 20 ya jeti ya kampuni katika njia hiyohiyo, huku zote zikihudumiwa na mwongoza ndege yuleyule. Pengo lipo. Lakini sehemu kubwa ya ile asilimia 16 ni ya jeti na ndege nyingine za tabaini. Ndege za pistoni zimo humo kwa sehemu iliyo ndogo zaidi. Tena mfumo wenyewe, rada zake, minara yake na saa zake za msongamano, umejengwa kwa kipimo cha viwanja vya Atlanta na Chicago O'Hare. Ndege zote za viti vinne zikiegeshwa kesho, mnara wa Atlanta hautapungua ghorofa wala mtumishi.

Ikiwa bado mnaona wenye ndege binafsi waongeze mchango wao, dawa iko tayari, na wao wenyewe waliikubali. Mwaka 2007 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kupandisha kodi ya petroli ya ndege hadi senti 24.1 kwa galoni, na ya mafuta ya jeti kwa safari binafsi hadi senti 35.9, bila tozo ya safari. AOPA, chama kikubwa cha wamiliki na marubani, kiliunga mkono. Ni mara chache sana walipa kodi husimama mbele ya Bunge na kuomba kodi yao ipandishwe, na kwa masikitiko Bunge liliiacha nafasi hiyo ipite: sheria ya 2012 haikugusa viwango hivyo. Senti 19.4 hazijapanda tangu miaka ya 1990. Zipandisheni kwa kiasi, jeti zikibeba mzigo mkubwa kuliko pistoni, na pengo mnalolilalamikia litapungua bila kuajiri mtoza ushuru hata mmoja.

Mtaelekezwa pia Ulaya na Kanada kama mfano wa tozo zinazofanya kazi. Mtazame hadi mwisho. Eurocontrol, inayokusanya tozo za njia za anga Ulaya, huzisamehe ndege zenye uzito wa chini ya tani 2. Matokeo yake yanaonekana kiwandani: Diamond DA62, ndege ya injini mbili kutoka Austria, hupatikana kwa uzito wa kupaa wa kilo 2,300 na pia kwa kilo 1,999. Kilo hizo 301 zimekatwa na tozo, si na wahandisi. Mmiliki wa toleo jepesi hubeba mafuta kidogo au abiria wachache ili abaki chini ya mstari. Kanada nayo ilipokabidhi uongozaji wa ndege kwa Nav Canada mwaka 1996, haikuthubutu kuzitoza ndege zilizo chini ya tani 3 kwa kila safari. Ilizipangia ada ndogo ya mwaka. Hata wenye mifumo ya tozo waliona kwamba kumhesabia rubani mdogo safari zake hakufai.

Maombi ya barua hii basi ni machache. Sheria itakayofuata ile ya 2024 iseme waziwazi kwamba hakuna tozo ya serikali kuu kwa safari, kwa kutua wala kwa kuomba huduma ya uongozaji kwa ndege zisizo za mashirika, za pistoni na za tabaini, ili msamaha usibaki kuning'inia kwenye tafsiri ya ofisa wa bajeti. Taarifa za ADS-B zizuiwe kutumika kudai ada, kama Montana ilivyofanya. Kodi ya mafuta ipitiwe upya, hata kwa kupandishwa. Na pale kamati zitakapoita mashahidi, wasiitwe wakuu wa mashirika na wachumi peke yao. Aitwe mkufunzi wa kike au wa kiume kutoka shule ndogo ya Kansas anayelipwa kwa saa anazoruka, aitwe rubani wa Caravan kutoka Bethel, Alaska, ambako vijiji vya jirani havifikiki kwa barabara, aitwe fundi anayejua ndege za uwanja wake kwa majina ya wenyewe. Wamiliki hao hao wanatakiwa kuhama kutoka petroli yenye risasi kabla ya 2030 kwisha, Alaska ikipewa hadi 2032, na mabadiliko hayo yana gharama zake; waulizwe wanaweza kubeba nini kwa pamoja, kisha majibu yao yaingizwe kwenye kumbukumbu rasmi kabla ya kura ya kwanza ya kamati.

Kwa heshima kubwa,

Mwandishi